TUSISEME NI MKOSI: BARIDI NA MINYOO NDIVYO VINAVYOUA WATOTO WA MBWA

(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya ghala la ushirika, siku ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakufika, na kwa wale waliofika wakakaa nyuma wakipiga soga.)

Ndugu wanaushirika, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mlioegemea ukuta. Najua mmekuja kusikia habari ya malipo ya kahawa. Hiyo ataisema Mwenyekiti, si mimi. Mimi nimeomba nafasi kidogo niseme habari ya mbwa. Haya, chekeni kwanza. Mkimaliza nitaendelea.

Nani analinda ghala hili usiku? Mlinzi tunaye, tunamlipa, lakini mlinzi naye ni binadamu, baridi ya mwezi wa saba ikimpiga anajifunika blanketi mpaka masikioni. Anayesikia nyayo ni mbwa. Na kule shambani, kwenye ngoro zetu, mahindi yakianza kubeba nani anawafukuza nyani na nguruwe mwitu? Ni mbwa. Lakini mbwa huyo akizaa, hatuna habari naye. Watoto wakifa tunasema ni mkosi, ama kuna mtu ametupa jicho. Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Leo nakuja kusema nilikosea, na nieleze nilivyokosea.

Mbwa wetu wa ghala mnamjua, Sikujua. Aliitwa hivyo kwa kuwa mwizi akikamatwa jambo la kwanza kusema ni hilo. Juni mwaka 2023 alizaa watoto 7 hapa nyuma ya ghala, juu ya sementi, juu ya gunia moja bichi. Ulikuwa msimu wa kahawa, na kwetu huku milimani msimu wa kahawa na msimu wa baridi ni kitu kimoja. Usiku wa kwanza wakafa wawili. Usiku wa pili akafa mmoja. Nikaona huruma, nikachukua maziwa ya ng'ombe, ya baridi, nikamnywesha kwa kijiko mmoja aliyekuwa amelegea. Maziwa yakamtokea puani. Akafa mkononi mwangu. Wa nne huyo. Nilidhani nimemsaidia, kumbe nimemmaliza mimi.

Wakabaki watatu. Walipofika wiki ya nne matumbo yao yakawa makubwa, mviringo kama ngoma. Watu wakipita wanasema, "Katibu, mbwa wako wameshiba!" Nami nikafurahi. Kumbe manyoya yamesimama, mbavu zinahesabika, tumbo tu ndilo kubwa. Siku moja mmoja akatapika donge la minyoo, mirefu, myeupe, imejikunja kama tambi. Huyo akafa, na mwenzake wiki iliyofuata. Katika saba akabaki mmoja, ndiye yule mwenye doa jeupe aliyeko kwa mwenye kinu.

Bwana Mifugo alipopita nikamweleza habari ya jicho la watu. Hakunicheka. Aliniuliza maswali mawili tu: "Walilala wapi? Na mama yao ulimpa dawa ya minyoo lini?" Nikakosa jibu.

Sasa nianze na baridi, maana ndiyo inayotangulia kuua.

Mtoto wa mbwa anapozaliwa hana joto lake mwenyewe. Sisi tukipata baridi tunatetemeka, na kule kutetemeka ndiko kunaupasha mwili. Mtoto wa mbwa wa wiki ya kwanza hawezi hata kutetemeka. Mama yake ana joto la digrii 38 mpaka 39, yeye ana 35 au 36 tu, na hiyo anaipata kwa kulala juu ya tumbo la mama na kujibana na ndugu zake. Akibiringika pembeni kwenye sementi, basi. Kwa muda wa wiki mbili, hata tatu, anategemea joto la kuletewa.

Na aliye mdogo zaidi hupoa upesi zaidi. Mama zangu mnalijua hili kuliko mimi: uji wa kwenye kikombe na uji wa kwenye sufuria, upi unawahi kupoa? Mtoto wa mbwa wetu wa kienyeji anaweza kuzaliwa na gramu 300 hivi. Wenzetu wa mijini siku hizi wanafuga vijibwa vya aina ndogo sana, vya kubeba kwapani, na mtoto wa mbwa wa namna hiyo anazaliwa na gramu 100 au 150 tu, sawa na kipande cha sabuni. Kijana wetu mmoja alikuja nacho likizo kutoka Dar es Salaam, jike lenye mimba, na watu wakajaa kutazama. Nikamwambia, mwanangu, huku siyo Dar es Salaam, huyu akizalia hapa Julai utazika. Akamrudisha upesi, na alifanya vizuri. Lakini katika kila uzao wa mbwa wetu pia yuko mmoja mdogo anayesukumwa na wenzake. Huyo mhesabuni kama kile kijibwa cha mjini.

Ndugu zetu wa ziwani wasiseme haya ni ya watu wa milimani. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vyetu vya Umatengo vinakaribia mita 2,000, kwa hiyo ni kweli Liuli na Mbamba Bay kuna joto kuliko huku. Lakini upepo wa mwera ukivuma, mchanga wa usiku ni baridi, na kibanda cha makuti kina matundu pande zote. Mtoto wa mbwa aliyelowa akapigwa na upepo hufa hata ziwani.

Basi tufanyeje? Mwaka 2024 Sikujua alipobeba mimba tena nilihesabu. Mimba ya mbwa ni wiki tisa, siku 63 hivi. Wiki moja kabla, nikatengeneza sanduku la mbao za mabanzi, refu kiasi mama anyooke, ukingo wake unafika goti la mbwa ili watoto wasianguke nje. Nikaliweka jikoni juu ya matofali mawili mawili, lisiguse sakafu. Ndani nikaweka nyasi kavu kabisa, juu yake gunia lililofuliwa na kuanikwa, juu yake kipande cha kanga kuukuu. Kila siku kanga inabadilishwa. Kitu kibichi hakikai humo hata saa moja.

Mtu mmoja alinishauri nitandike maganda ya kahawa kwa kuwa tunayo mengi. Nilikataa. Kahawa ina kafeini, nayo ni sumu kwa mbwa, na mtoto wa mbwa anatia kila kitu mdomoni.

Joto la kuongeza nililipata kwa chupa za plastiki za lita moja na nusu. Unajaza maji ya moto ya kuoga, siyo ya kuchemka, unafunga kizibo sana, unaiviringisha kwenye kitambaa kinene, unailaza upande mmoja wa sanduku. Upande mmoja tu! Upande wa pili uache bila chupa, ili mtoto akisikia joto kali ajiburuze aondoke. Asipokuwa na pa kukimbilia ataungua, maana hajui kusema. Maji yakipoa unabadili, maana chupa iliyopoa inageuka kuwa barafu ya kumnyonya joto. Mimi na mke wangu tuliamka kwa zamu wiki nzima ya kwanza, saa nne usiku, saa saba, na saa kumi alfajiri. Alinung'unika, sifichi. Lakini aliamka.

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hapana, ndugu zangu. Ile hewa ya mkaa inaua mbwa, inaua na watu, na haina harufu ya kukuonya. Sitaki kusikia kwamba Katibu alisema tupashe mbwa moto, mkalala na jiko.

Utajuaje joto linatosha? Wao wenyewe watakwambia. Wakilundikana kama viazi na kulialia, wana baridi. Wakitawanyika kila mmoja kona yake wakihema, wamezidiwa joto. Wakilala ubavu kwa ubavu kimya, huku wakishtuka shtuka kidogo usingizini, hapo ni sawa, nenda kalale.

Na ukimkuta mmoja amepoa, tia kidole chako kidogo mdomoni mwake. Mdomo ni wa baridi, hanyonyi kidole? Usimpe maziwa. Narudia kwa sababu ndilo kosa langu: usimpe maziwa. Mwili ukiwa baridi tumbo halisagi, maziwa yanalala humo yanaharibika, au yanaingia mapafuni. Mtie kifuani ndani ya shati, ngozi kwa ngozi, ukae naye. Apate joto polepole, saa moja, hata mbili tatu. Usimweke karibu na moto ili kuharakisha. Akiwa ameanza kupata joto unaweza kumpaka tone la asali au maji ya sukari kwenye fizi, kidogo tu, maana mtoto mdogo akikaa bila kunyonya sukari ya mwilini inamwishia. Akianza kuhangaika akitafuta, na mdomo ukawa na joto, hapo mrudishe kwenye chuchu za mama, za nyuma zenye maziwa mengi. Na siku ile ya kwanza hakikisheni kila mmoja amenyonya dang'a, maana kinga ya maradhi imo humo, na baada ya siku moja tumbo halipokei tena kinga hiyo.

Mama naye ale. Ugali mtupu hautoi maziwa ya watoto sita. Vichwa vya samaki, usipa wa kusagwa, maharage yaliyoiva, na maji safi karibu naye wakati wote.

Sasa minyoo. Hapa ndipo wengi tunapobisha. Mzee mmoja, simtaji, aliniuliza, "Katibu, mtoto wa mbwa hajala kitu ila maziwa ya mama yake, minyoo ameitoa wapi?" Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonishangaza mimi pia. Ameitoa kwa huyo huyo mama. Mbwa jike anakuwa na vijana wa minyoo ndani ya nyama ya mwili wake, wamelala tu. Akishika mimba, katika wiki zile za mwisho wanaamka, wanapita kwenye kondo, wanaingia kwa mtoto tumboni. Mtoto anazaliwa nayo tayari! Safura nayo inapitia katika maziwa. Ndiyo maana unamwona mbwa jike mzima kabisa, halafu watoto wake wote wana matumbo kama ngoma. Wale waliolala ndani ya nyama, dawa ya kawaida ya tumbo haiwafikii, kwa hiyo usiseme "mama nilimpa dawa mwaka jana, inatosha."

Kwa sababu hiyo dawa haingoji tumbo livimbe. Inaanza wakiwa na wiki 2. Halafu wiki ya 4, ya 6, ya 8. Baada ya hapo kila mwezi mara moja mpaka wafike miezi 6. Na kila siku unayowapa watoto, mama naye anapewa, maana yeye ndiye anayewalamba na kula kinyesi chao, anajirudishia mayai na kuwarudishia wao. Mara nne katika miezi miwili, mtasema ni nyingi. Lakini dawa ya leo inaua waliomo tumboni leo tu. Wadogo walioko njiani, kwenye ini na mapafuni, wanakuja kesho, na tunawakuta zamu inayofuata.

Dawa gani? Ziko za pairanteli, ziko za fenbendazoli, na nyingine Bwana Mifugo atakazokuonyesha. Hapa niseme hesabu, na ndiyo hesabu iliyonifanya nimshukuru mwalimu wangu wa kisomo. Wengine mnajua mimi nilishika kalamu nikiwa na mke na watoto, na nilicheka siku mwalimu alipoleta asilimia. Nikasema asilimia ni ya watu wa benki. Haya, tazameni.

Fenbendazoli ni miligramu 50 kwa kila kilo moja ya mbwa, kila siku kwa siku 3. Mtoto wa mbwa ana nusu kilo. Basi anataka miligramu 25. Chupa imeandikwa asilimia 10, maana yake kila mililita moja ina miligramu 100. Kwa hiyo mtoto huyu anataka robo ya mililita, tone chache tu. Lakini chupa nyingine, rangi ile ile, imeandikwa asilimia 2.5. Hiyo mililita moja ina miligramu 25. Mtoto yule yule sasa anataka mililita moja nzima. Asiyesoma chupa atazidisha mara nne, au atampa robo ya dawa na minyoo itashukuru. Kama hesabu inakupiga chenga, njoo darasani Jumatano jioni, tutaifanya pamoja ubaoni. Usione haya, mimi sikuona.

Dawa inatiwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, polepole, kichwa kisiinuliwe juu sana. Mwache ameze, ndipo uongeze.

Na yapo ya kukataa. Dawa za ng'ombe na mbuzi zenye levamisoli msiwape watoto wa mbwa, kwa mbwa kipimo cha kuponya na kipimo cha kuua vimekaribiana. Sindano ya aivamektini ya ng'ombe, hapana. Vidonge vya albendazoli wanavyopewa watoto shuleni, kimebaki kimoja ndani ya nyumba, mtu anasema nikikate nimpe mbwa. Hapana, kile kina miligramu 400 na kimepimwa kwa binadamu, kinaweza kuharibu damu ya mbwa. Maji ya tumbaku ni sumu. Mafuta ya taa ni sumu. Wazee wetu walitumia, kweli, na mbwa wengine walipona, lakini tuliowazika hatukuwahesabu.

Sasa nawaomba mama zangu wasogee, maana hili ni la watoto wetu. Minyoo ya mbwa haikai kwa mbwa tu. Yai likitoka na kinyesi halidhuru siku ile ile. Lile la minyoo mirefu linakaa udongoni wiki mbili mpaka nne ndipo linaiva, halafu linaweza kudumu humo miaka. Mtoto anachezea udongo, anatia mkono mdomoni. Kijana wa mnyoo anazunguka mwilini mwake asipate njia, anaweza kufika mpaka jichoni na kumpofusha jicho hilo. Safura ya mbwa yenyewe haingoji wiki mbili, kwenye mchanga wenye unyevu na joto inawahi, na inaingia kwa kutoboa ngozi ya mguu.

Mjukuu wangu alikwenda kwa shemeji yangu ziwani, akacheza mchangani wiki nzima pekupeku. Akarudi na mstari mwekundu juu ya unyayo, umepinda pinda, kila asubuhi umesogea kidole kizima, na kuwasha usiku kucha. Bibi yake akasema karogwa. Nikampeleka zahanati, muuguzi akautazama tu, akasema ni kijana wa safura ya mbwa anatembea chini ya ngozi. Akapewa dawa, ukakauka. Mbwa wa shemeji walikuwa wanalala pale pale watoto wanapocheza.

Kwa hiyo kinyesi cha mbwa kifagiliwe kila siku, kabla hakijaiva, kitiwe chooni au kifukiwe chini sana, kisitupwe kwenye bustani ya mchicha. Marehemu mama yangu alikuwa katika kikundi cha kusikiliza redio cha Mtu ni Afya mwaka 1973, na alikuwa akitusimulia walivyochimba vyoo. Vyoo tunavyo. Ufagio tunao. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mtoto akitoka kucheza na mbwa.

Uzao ule wa 2024 walikuwa 6. Mmoja alizaliwa mnyonge, hakushika chuchu, akafa siku ya pili kifuani mwangu. Watano walikua. Nilikuwa nawapima, na kila mmoja aliuongeza uzito wake mara mbili kabla ya siku ya kumi. Walipopewa dawa wiki ya pili hakuna aliyeona kitu, ila wiki ya nne walitoa minyoo ya kujaza kiganja, na matumbo yao hayakuvimba. Wawili wanalinda mashamba ya bondeni, mmoja yuko hapa ghalani na mama yake, wawili walichukuliwa na ndugu wa Lituhi kwa mbuzi mmoja. Ndiyo, mbuzi. Mbwa tuliokuwa tunawatupa.

Kichaa cha mbwa nitakisema siku nyingine, lakini jueni chanjo yake inaanza mbwa akiwa na miezi 3, na tarehe 28 Septemba ni siku yake duniani. Msisubiri siku hiyo ikiwa Bwana Mifugo amefika kabla.

Mwisho ni habari ya mzani. Mzani wetu wa kahawa haufai, unapima magunia, ukimweka mtoto wa mbwa mshale hausogei. Nimezungumza na mwenye duka juu ya ule mzani wake wa sukari. Alikataa kwanza, akasema wateja watamkimbia. Sasa amekubali kwa masharti: Jumamosi, kabla hajafungua duka, saa kumi na mbili mpaka saa moja asubuhi, kila mtu aje na mfuko wake safi wa kumtia mbwa, na mzani uoshwe kwa maji ya moto na sabuni mbele ya macho yake. Wenye watoto wa mbwa wa wiki 2 mpaka 8 mje na daftari, tuandike uzito na tarehe. Bwana Mifugo ameahidi kuwapo. Bei ya dawa mtamwuliza mwenyewe, ila mkichangia chupa moja watu watano ni nafuu kuliko kila mtu kununua yake. Na anayeleta mtoto wa mbwa amfunike. Asubuhi ile kuna ukungu.